Asante iliyoniponza

Walioniponza ni walimu watatu, na wote walikuwa na nia njema tu, ndo maana mpaka leo sijui nimlaumu yupi.

Wa kwanza wa Kiingereza. Ugomvi wake na sisi ulikuwa irabu za mwishoni, maana si unajua Mswahili neno likiishia na konsonanti analiona kama limekatwa mkia, lazima alibandikie wa kwake, buku, benchi, begi. Yule mwalimu alikuwa anagonga meza, "kata hapo! usiniongezee i!" Basi nikazoea kumaliza kila neno kwa kishindo, pah, kama mlango umebamizwa na upepo.

Wa pili wa spichi. Huyu alikuwa na kanuni moja anaipenda kuliko mshahara: ukifika sentensi ya mwisho nyamaza kwanza, chagua mtu mmoja ukumbini, mtazame machoni, halafu mshushie neno moja moja, taratibu, limwingie.

Wa tatu ndo wa Kifaransa, Madame. Sasa Kifaransa jamani kina mambo, ile u yetu ya kawaida wao wanaiandika ou, halafu wakiandika u yenyewe ni mdudu mwingine kabisa, unatakiwa useme i huku midomo umeichongoa kama unapuliza mkaa. Na ukichanganya umeumia, rue ni mtaa, roue ni gurudumu, dessus ni juu, dessous ni chini, yaani umeagizwa utafute kitu juu ya kabati we unainama uvunguni. Wiki nzima ilinigomea, halafu siku moja nipo bafuni nasukutua mdomo ikatoka yenyewe, safi kabisa. Wee! Nikawa kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli, hata chooni anataka aende nayo. Usiku bwenini nalala nimechongoa mdomo nafanya mazoezi, jamaa wa kitanda cha juu akachungulia, "we unambusu nani huko chini?"

Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo u mpya siyo ya kupaka kila mahali kama siagi.

Ikafika siku ya mashindano ya lugha. Jaji wa Kifaransa alikuwa mama mtu mzima, Mfaransa mwenyewe, kakaa mstari wa mbele, miwani puani, karatasi ya maksi mapajani. Nikapanda stejini na spichi yangu kuhusu faida za kujua lugha za watu, nikaitiririsha weee, mikono inaenda, mwalimu wa spichi anatikisa kichwa kwa raha. Nikafika mwisho. Nikanyamaza. Nikamchagua yule mama, nikamtazama machoni, nikachongoa mdomo.

"Merci... beau... cul... Madame."

Ngoja nikueleze, maana mi mwenyewe sikujua. Nilitaka kusema merci beaucoup, asante sana. Lile neno p ya mwisho haitamkwi. Kuna lingine, cul, nalo l ya mwisho haitamkwi. Kwa hiyo kinachotenganisha asante ya heshima na balaa ni irabu moja tu, nami nimeweka ile ya mkaa. Nimemtazama mama wa watu machoni, mbele ya shule nzima, nikamwambia "Asante, tako zuri, Madame."

Kimya. Nikajua maiki haijashika, si nikarudia! Safari hii kwa sauti, na kile kishindo cha mwalimu wa Kiingereza mwishoni.

Wale wasiojua Kifaransa, yaani karibu ukumbi wote, wakapiga makofi. Yule mama kajifunika mdomo na leso, mabega yanatetemeka, nikasema moyoni daah, nimemliza, spichi imemwingia. Nikainama kushukuru. Madame wetu sikumwona uso, alikuwa kaufunika wote na karatasi ya ratiba.

Nje akanivuta pembeni. "Hebu sema kuku."

"Kuku."

"Basi u ya kuku ndo ya beaucoup. Hiyo nyingine uliyosema, nenda kaangalie kamusi." Akaondoka haraka, nadhani alikuwa anatafuta pa kuchekea.

Nikaenda maktaba, nikafungua herufi C, kidole kikashuka taratibu mpaka kikafika. Miguu ikaisha nguvu, nikakaa chini, na nilikalia nini, unakijua.

Nilikaa muhula mzima nasema mille mercis tu, yaani asante elfu, maana humo hamna u wala ou.

Karatasi ya maksi nilipewa jioni ile. Mpangilio sawa, kujiamini wamenipa zote, halafu kwenye matamshi yule mama kaandika kwa mkono wake, "Très beau u." U nzuri sana. Na hiyo beau kaipigia mstari.