Andikeni saa mlangoni, watoto wanakuja

Tunapanga kwenda Berlin, siku mbili tu, Ijumaa na Jumamosi. Sisi tunakaa Leipzig, na kwa treni ya haraka ni mwendo wa saa moja na kidogo, kwa hiyo si safari ya kuagana na majirani. Lakini mwenye mtoto wa miaka sita na mwingine wa mitatu anajua kwamba hata kwenda sokoni kunataka mipango. Watoto walipolala nikashika simu, na chai haijapoa nikawa nimeshapata nilichotaka. Makumbusho ya viumbe asilia hayafunguliwi Jumatatu. Mtoto wa chini ya miaka sita halipi. Basi namba 100, lile la ghorofa linalotoka Zoo hadi Alexanderplatz, ni basi la kawaida la mjini kwa tiketi ya kawaida, na njiani unaliona bunge lao na barabara yao kubwa ya kihistoria bila kumtembeza mtoto juani. Kwenye treni kuna chumba cha wenye watoto wadogo, unakiwekea nafasi mapema. Mahali pa kubadilishia nepi pameonyeshwa kwa alama kwenye ramani.

Furaha yangu haikukaa, kwa sababu mwezi wa saba tunakuja nyumbani Kigoma na nilitaka kupanga siku mbili kama hizo kwa ajili ya watoto. Nikauliza kwenye kundi la ukoo: ile sehemu fulani ya kihistoria (jina nalihifadhi, na tafadhali msilikisie) wanafungua saa ngapi, wanafunga saa ngapi, na mtoto analipa shilingi ngapi? Majibu yakamiminika. "We njoo tu." "Utamkuta mtu." "Kwani unakuja na mgeni?" Mjomba ndiye aliyejitahidi zaidi: kuna kijana pale, ukimpigia anakuja kufungua, ila alibadilisha laini na namba mpya mjomba hana.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Sihitaji kuambiwa kwamba nitamkuta mtu. Kwetu mtu hakosekani. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hawezi kusubiri chini ya jua la saa saba mpaka mtu apatikane. Mtu mzima atasubiri, atapiga soga, atanunua karanga. Mtoto ana nusu saa ya uvumilivu, na ukishaitumia yote getini, hata akifunguliwa pepo yenyewe atalia tu.

Hilo halikunipata kwa kusimuliwa. Likizo iliyopita tulifika mahali pamoja mkoani humo humo, geti lina kufuli na ukuta hauna hata herufi moja. Mkubwa ana kiu, mdogo anataka choo. Mama wa nyumba ya pili alituona akatoka mwenyewe. Hakuuliza sisi ni kina nani. Alimshika mdogo mkono akampeleka chooni kwake, akamnawisha uso kwa maji ya ndoo, akamwekea mkubwa maji kwenye kikombe cha bati na kuwapa ndizi mbili. Ndipo akatuambia kijana wa funguo ameenda msibani, labda atarudi alasiri.

Nikisimulia habari hii, kuna watakaosema: unaona dada, huku kuna utu, huko kwenu Ulaya nani angekufungulia mlango? Na ni kweli tupu. Hapa nimewahi kupanda tramu na mtoto analia, behewa zima likakaa kimya, kila mtu macho kwenye simu yake. Hakuna aliyesema "pole mama". Sijawahi kuona mgeni akimnawisha uso mtoto wa mwenzake Leipzig, na hilo huniuma kila nikilifikiria, kwa sababu wanangu wanakua bila kujua kwamba watu wazima wote wa mtaa ni wazazi wao.

Lakini yule mama maji yake aliyateka. Ndoo ile ilibebwa na mtu, kama si yeye ni binti yake. Kila mgeni anayekuta geti limefungwa analetwa mlangoni kwake, na hakuna anayemlipa wala anayemshukuru zaidi ya kusema asante mama. Tunausifia ukarimu wetu, na mimi nausifia, ila nataka tukiri kwamba mara nyingi ukarimu huo unaziba pengo la kitu ambacho kilipaswa kuwepo: choo cha wageni, bomba, na karatasi yenye saa. Na wanaoliziba ni kina mama, kwa ndoo zao.

Niwaambie kinachonikera hasa. Kwenye yale makumbusho ya Berlin, ukiingia tu ukumbi wa kwanza, kuna mifupa ya mnyama wa kale imesimamishwa, kimo cha zaidi ya mita 13. Imetoka Tendaguru, Lindi. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, enzi za Mjerumani, na waliochimba na kubeba vichwani mpaka bandari ya Lindi ni watu wetu. Tulipokwenda mara ya kwanza nilimsomea mkubwa kibao, akasikia "Tanzania", akapiga kelele mpaka watu wakageuka. "Mama, huyu ni wa kwetu!" Nilijisikia fahari na uchungu kwa wakati mmoja. Mali ya Lindi, na ili mwanangu aione nilijua tangu nyumbani siku ya kuja, mlango wa kuingilia na bei ya tiketi. Hata samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wa rangi rangi, amewaona kwanza kwenye tangi la duka la samaki wa mapambo mtaani kwetu, limeandikwa jina la ziwa. Ya kwetu yakiwa kwao yana kibao. Yakiwa kwetu tunaambiwa njoo tu.

Na asije mtu akaniambia Kigoma haina cha kumwonyesha mtoto. Mimi naamini mtoto mdogo atafaidi zaidi siku mbili Kigoma kuliko siku mbili Berlin. Chukua asubuhi moja tu. Unaanza stesheni, mwisho wa reli kweli kweli, jengo la Mjerumani lililokaa juu ya ziwa, reli iliyotoka Dar es Salaam ikafika majini mwaka 1914. Mtoto anayependa treni (na yupi asiyependa?) unamwonyesha mahali ambapo reli inakatika kwa sababu mbele ni maji. Halafu unamsimulia Liemba: meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikavuka bahari, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwanangu wa miaka sita amenisimulisha habari hiyo mpaka sauti imenikauka. Swali lake la kila siku ni moja: tunaweza kuipanda? Imekaa miaka mingi bila safari kwa ajili ya matengenezo, hilo nalielewa, chuma cha umri ule hakifanyiwi haraka. Ila nataka nijue kabla ya kumwahidi.

Toka stesheni nenda Kibirizi, ufukweni zinapotia nanga boti za ziwani. Mtoto hahitaji kiingilio kuona boti za mbao zikipakiwa magunia, kreti za soda, magodoro, kuku, na watu juu yake. Ufukweni dagaa wameanikwa wanang'aa kama shilingi mpya, na kina mama wanawageuza kwa mikono kwa haraka ambayo mtoto atajaribu kuiiga siku nzima. Mchana mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo. Kisha mlale. Nasisitiza mlale, kwa sababu jua la Kigoma la mchana halina utani na mtoto aliyezoea baridi. Saa kumi jioni ndiyo saa ya Ujiji, pale Livingstone alipokutwa na Stanley mwaka 1871. Ule mwembe wa asili waliokutana chini yake ulishakufa, iliyopo sasa inasemekana ni uzao wake, na chini ya kivuli chake mtoto anakimbia anavyotaka. Ndani ya makumbusho ya pale kuna sanamu za wale wazungu wawili wanasalimiana, kubwa kuliko watu halisi. Watoto huwasalimia. Nilipokuwa mdogo na mimi niliwasalimia.

Gombe, ile hifadhi ya sokwe, ndiyo ningependa ieleweke vizuri, maana hapo kukosa taarifa kunagharimu. Kila ndugu anayesikia tunakuja na watoto anasema wapelekeni wakaone sokwe. Jamani, watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, na sababu ni nzito: sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Mwaka 1966 polio iliwapata sokwe wa Gombe, na wengine walikufa au kubaki vilema. Mafua ya mtoto wa chekechea ni hatari kwao. Sheria hiyo ni nzuri na naiunga mkono. Lakini fikiria mzazi aliyejibana, akalipa boti, akafika na watoto ndipo akaisikia. Ilitakiwa aisome pale pale Kibirizi, kwenye ubao, kabla hajatoa hela.

Sasa nawasikia. "Dada yetu amekaa Ujerumani, nyumbani pameshakuwa pachafu." Sijasema pachafu. "Kigoma tumeishi na umeme wa majenereta miaka nenda rudi, barabara ya vumbi, treni ya kubahatisha, leo yanaanza kunyooka, wewe unalilia ratiba!" Ndugu yangu, shida hizo nimekua nazo, usinisomee kana kwamba nimezisoma gazetini. Ndiyo maana nazungumzia kitu hiki kidogo. Umeme unahitaji serikali na mabilioni. Saa ya kufungua inahitaji kipande cha bati, kopo la rangi na fundi wa mabango, na pale mtaa wa Mwanga, Kigoma mjini, mafundi wamejaa. Kijana wa funguo akienda msibani, aandike kwa chaki: leo hatupo. Msiba ni msiba, hakuna atakayelaumu.

Mwingine atasema wazungu wanakuja Gombe kila mwaka na hawalalamiki. Hawalalamiki kwa sababu kuna mtu amelipwa kuwapangia kila hatua, boti yao inawasubiri. Tena mimi mwenyewe nitafanikiwa. Nina wajomba, nina mashemeji, nina shangazi Ujiji ambaye hakuna mlango usiofunguka akibisha. Ninayemsemea hapa ni mama wa Kasulu au Kibondo, mwalimu labda, aliyeweka akiba ili likizo ya shule awaonyeshe wanawe ziwa ambalo wanaliona kwenye ramani tu. Huyo hana shangazi Ujiji. Hana namba ya kijana wa funguo. Amepanda basi alfajiri na watoto watatu, hela ya kulala siku moja, na hana nafasi ya kuja kesho akikuta kufuli. "Njoo tu" inamfaa mwenye ndugu. Asiye na ndugu anahitaji maandishi.

Mtoto wa Kasulu ana haki ya kuona mahali reli inapoishia. Ana haki zaidi ya mwanangu, kwa sababu mwanangu ana Berlin.

Kwa hiyo nimeanza kazi. Binamu yangu ana steshenari pale Mwanga na amekubali kuchapa karatasi moja, upande mmoja, kwa Kiswahili, atakayoibandika stendi, kwenye nyumba za wageni na dukani kwake. Tutaandika mahali, saa za kufungua na kufunga, bei ya mtoto na ya mkubwa, choo kipo au hakipo, maji yapo au hayapo, kivuli kipo au hakipo. Mambo ya Ujiji shangazi ameshaahidi kwenda kuuliza mwenyewe. Ninachokosa ni saa za boti za Kibirizi zinavyoondoka na kurudi kwa siku za kawaida, na nauli ya mtoto wa miaka sita. Mnaosafiri nazo kila wiki, niandikieni hata kwa kifupi, mkitaja na siku. Na kama kuna ufukwe upande wa Katonga au Bangwe ambapo wenyeji mnawaachia watoto wenu waoge bila wasiwasi wa mamba wala kichocho, mnitajie pia. Karatasi inakwenda kuchapwa kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita.