Tangi la kuzalishia konokono halihitaji chumvi

Wafugaji wa samaki wa mapambo wamerithishana ushauri mmoja miaka na miaka: tia kijiko cha chumvi kila unapobadilisha maji, samaki hawataugua. Kwa tangi lenye samaki peke yao, hilo linajadilika. Kwa tangi unalozalishia konokono wa maji baridi, msimamo wangu ni mmoja: chumvi isiingie humo. Chumvi ni dawa ya samaki, na dawa hupewa mgonjwa.

Mwili wa konokono ulio nje ya gamba hauna magamba ya kuukinga kama ya samaki. Ile nyama laini inayoteleza kwenye kioo inagusana na maji moja kwa moja. Damu yake ina chumvi zaidi kidogo kuliko maji anamoishi, kwa hiyo maji humwingia mfululizo na figo huyatoa. Ukitia chumvi, tofauti hiyo inapungua. Ukizidisha, mambo yanageuka na maji yanaanza kumtoka yeye. Mara nyingi hafi papo hapo, na ndiyo maana wengi hudhani hakuna lililoharibika. Mtazame kwa karibu: vipapasio vinafupika, mguu unarudi ndani, ute unakuwa mwingi, kifuniko cha mlango wa gamba lake kinafungwa. Wengine hupanda kioo na kukaa juu ya usawa wa maji. Konokono aliyejifungia hali, na asipokula hajengi gamba wala hatagi. Wachanga ndio hutangulia kufa. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayemwaga chembe za chumvi bila kuziyeyusha, maana zinatua chini kwenye mchanga, pale pale konokono anapotambaa.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya chumvi na ugumu wa maji, yaani wingi wa madini kama kalsiamu. Chumvi ya kawaida ni sodiamu na kloridi. Haina kalsiamu wala kaboneti, na gamba la konokono ni kalsiamu kaboneti. Kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kitapanda ukitia chumvi, lakini gamba halitafaidika hata kidogo. Ukiona vishimo vyeupe kwenye ncha ya gamba, sehemu ile kongwe zaidi, pima pH (kiwango cha asidi), GH (kalsiamu na magnesiamu kwa jumla) na KH (kaboneti). Maji yenye pH chini ya 7 hulimung'unya gamba polepole. Lenga pH ya 7.2 hadi 8, GH isiyopungua 8 na KH isiyopungua 5. Tia kipande cha mfupa wa ngisi tangini, au konzi moja ya matumbawe yaliyosagwa ndani ya mfuko wa wavu karibu na filta, kisha pima tena baada ya wiki kabla hujaongeza.

Kwa Pomacea diffusa, konokono mkubwa anayependwa na wengi, uzalishaji wenyewe si mgumu. Dume na jike ni tofauti, kwa hiyo anza na kundi la watano au sita ili uwe na uhakika wa kupata wote wawili. Tangi la lita 40, joto la nyuzi 24 hadi 26, filta ya sponji ili wachanga wasifyonzwe. Acha sentimita 10 hivi kati ya maji na mfuniko, kwa sababu jike hutoka majini usiku na kubandika kichala cha mayai kwenye kioo au chini ya mfuniko. Hapo ndipo wengi huyaharibu mayai kwa kujaza maji hadi yakafunikwa: mayai haya yakizama, vijusi hukosa hewa. Kichala kipya ni laini kama jeli. Usikiguse kwa siku nzima. Kikishakuwa kigumu unaweza kukisukuma taratibu ubavuni mpaka kibanduke, ukakiweka juu ya karatasi ya jikoni yenye unyevu ndani ya kijisanduku cha plastiki kinachoelea tangini. Karatasi ikilowa chapachapa, ukungu unaota. Ikikauka, mayai yanasinyaa. Huanguliwa baada ya wiki 2 hadi 4. Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo usishangae akitaga akiwa peke yake.

Je, samaki wakipata madoadoa meupe, ugonjwa unaoletwa na kimelea, katika tangi hilo hilo? Hamisha samaki wote, hata wanaoonekana wazima, waende kwenye chombo cha matibabu chenye hita na pampu ya hewa. Huko chumvi ya gramu 2 hadi 3 kwa lita ina kazi, mradi aina ya samaki inaistahimili. Konokono wabaki walipo. Kimelea hicho hakiwezi kuishi bila samaki. Kwa nyuzi 25, wiki 2 za tangi bila samaki zinatosha kukimaliza. Dawa zenye shaba nazo zisikaribie tangi la konokono. Ni mbaya kuliko chumvi.

Kumbuka pia kwamba maji hukauka, chumvi haikauki. Tangi la lita 60 lenye gramu 1 kwa lita lina gramu 60. Zikipungua lita 20 kwa kukauka, unabaki na gramu 1.5 kwa lita. Ukijazia maji yenye chumvi ile ile, unapata gramu 80 ndani ya lita 60, na kila ukijazia inazidi kupanda. Ukitaka kuitoa, njia ni kubadilisha maji: asilimia 30 mara 3, kwa kupishana siku moja moja, itabaki takriban theluthi ya chumvi ya mwanzo.

Atakayedai konokono wake wanaishi na chumvi bila shida, muulize ni aina gani. Melanoides tuberculata, yule mwenye gamba refu lililochongoka, huvumilia chumvi vizuri na huzaa bila dume. Uzoefu wa mfugaji huyo haukufai kwa Pomacea.

Aina ya konokono inayohitaji chumvi kweli ni neriti, na ni lava wake tu, yaani wachanga wanaotoka mayaini. Mkubwa huishi vizuri kwenye maji baridi na kujaza mayai yake, vijidoa vyeupe vigumu, kwenye magogo, ila lava hawakui humo. Kutia chumvi tangini kwa ajili yao ni kuwaumiza wengine bure. Tenga chombo kingine, changanya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, si ya mezani, na uandae mapema maji ya kijani yenye mwani wa kuelea, kwa sababu lava hao huogelea na kula mwani huo kabla ya kutua na kuanza kutambaa. Wengi hufa njaa kabla ya kufika hapo.