Uongo wa Safari ya Msiba

“Mdogo wangu, mama amezidiwa. Jitahidi ufike kesho,” kaka aliniambia kwa simu. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, na ndani ya begi nilikuwa na doti ya khanga niliyomnunulia ajifunike wodini. Kila basi liliposimama nilipiga simu, na kila mara nikajibiwa kwamba amelala. Nilipoona turubai limefungwa uani na wanaume wamekaa kimya kwenye mabenchi, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimedanganywa tangu jana yake.

Sikumkasirikia kaka, na hadi leo naamini alifanya vyema. Kwetu, kumpa mtu habari ya kifo akiwa peke yake barabarani ni ukatili. Huambiwa akishafika penye watu wa kumshika. Wapo watakaokataa, kwa kuwa mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji anayekuuliza alipo rafiki yako huna haki ya kumdanganya, ilhali Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inataja ruhusa ya kusema uongo katika vita, katika kupatanisha watu, na katika maneno ya mume na mke.

Ninachokipinga ni kumficha mgonjwa mwenyewe. Tunamvuta daktari pembeni, tunamsihi asimwambie mzee kwamba ana saratani, kisha tunasema huo ndio utu wetu, Wazungu hawaujui. Wanaujua sana. Mwaka 1961, katika hospitali moja ya Chicago, takribani asilimia 90 ya madaktari waliohojiwa walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Madaktari wa Marekani walipoulizwa swali hilohilo mwaka 1979, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Ilitosha miaka 18 tu.

Uongo wa kaka ulikuwa na mwisho wake, pale mlangoni, ambapo shangazi alisimama akinisubiri anipokee. Uongo wa kumficha mgonjwa haumfikishi popote. Unamnyima siku za kuandika wosia, kulipa madeni na kumwita aliyekosana naye. Mama aliambiwa ana vidonda vya tumbo. Wiki tatu kabla hajafariki aliniuliza mbegu za mahindi zimefikia bei gani, kwa sababu alikusudia kulima tena lile shamba la bondeni mvua zikianza, nami, niliyekuwa najua kila kitu, nikamtajia bei ya mfuko.