Mwanafunzi naye apewe pa kukaa

Wiki iliyopita nilimsindikiza binti ya kaka yangu kwenda kujisajili katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa. Babake yuko safarini, mamake ana mtoto mchanga, kwa hivyo ikawa kazi ya shangazi. Karo tulikuwa tushalipa kwa simu, vyeti vimo kwenye bahasha, picha za pasipoti tumepiga za akiba. Foleni ilikuwa ndefu, lakini sisi wa ng'ambo ya Likoni foleni tumezizoea. Silo nililokuja kuliandika.

Alipopewa ratiba yake aliisoma kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akaniuliza, "Shangazi, Jumatatu nina somo saa mbili asubuhi, na jingine saa kumi jioni. Hapo katikati nitakaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Hosteli hakupata. Kurudi nyumbani Shika Adabu ni kupanda matatu hadi kivukoni, kusubiri feri, kuvuka, kisha kupanda gari jingine, na baada ya chakula kuianza safari ile ile upya. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, ndiyo, lakini matatu si bure, na saa za mtoto pia si bure. Nikamwambia twende tukalitazame jengo la wanafunzi, maana kwenye orodha ya malipo nilikuwa nimeiona ada ya chama cha wanafunzi, na anayelipa ana haki ya kuona anacholipia.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili, miongoni mwa waliojitolea kuwapokea wageni, alikubali kututembeza. "Shikamoo mama," akasema, akanipokea mkoba. Watoto wa aina hii bado wapo, na wazazi wao wajue kazi yao inaonekana.

Jengo lenyewe ni ghorofa moja juu ya nyingine, rangi ya maziwa, madirisha ya vioo. Chini kuna kanteni, duka la fotokopi, kinyozi, wakala wa M-Pesa, na pembeni meza ya keram iliyozungukwa na vijana kumi au zaidi. Juu kuna ofisi ya viongozi wa wanafunzi, ukumbi wa mikutano na vyumba viwili vya kuswalia. Nitasema kweli: vitu vingi nilivipenda. Mahamri ya kanteni yalikuwa ya moto, mbaazi zimekolea nazi, na bei haimkimbizi mtu. Chumba cha kuswalia cha wasichana kina mkeka safi na pazia zito. Duka la fotokopi lina mama mmoja anayebana karatasi za wanafunzi kwa uangalifu kana kwamba ni hati za shamba.

Lakini ukutani, juu ya meza za kanteni, pamebandikwa karatasi iliyopigwa chapa kwa herufi kubwa: VITI NI VYA WATEJA PEKEE.

Niliisoma mara mbili. Nikamuuliza yule kijana, asiyekuwa na pesa ya chai anakaa wapi? Akatabasamu kwa haya. "Wengine hukaa ngazini, mama. Wengine huenda darasani kama kuna lililo wazi. Wengine hutoka tu."

Tukatazama ngazi. Kweli, palikuwa na wasichana wanne wameketi kwenye vidato, magoti yamebana, wakiinuka kila anapopita mtu na kuketi tena. Mmoja alikuwa anasoma akiwa amekunja daftari katikati ili lisichukue nafasi. Na pale kaunta ya kanteni, kwenye soketi pekee niliyoiona kote chini, palikuwa na ekstensheni nyeupe iliyogeuka manjano kwa joto, simu saba zimechomekwa, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe kimefungwa kwa mpira. Kuchaji ni shilingi ishirini. Siku hizi masomo, tangazo la darasa kuhamishwa, hata kazi ya kuwasilisha, vyote vinapitia simu. Ukimtoza mtoto kwa kuchaji ni kama kumtoza kwa kufungua kitabu.

Hasira yangu haikumhusu mwenye kanteni. Yeye amekodi, analipa, na mtu mmoja kuketi saa sita kwa kikombe kimoja cha chai ni hasara kwake. Kosa ni la waliojenga nyumba nzima ya wanafunzi, wakakigawa kila chumba cha chini kwa biashara, wasibakishe hata pembe moja ambapo mwanafunzi anaweza kukaa kwa sababu tu ni mwanafunzi.

Na kosa hilo linauma zaidi kutendwa hapa pwani kuliko pengine popote, kwa kuwa jambo hili sisi tulikwisha kulijua zamani. Nyumba ya Mswahili ina baraza. Ukipita Mji wa Kale utaziona, zile kuta fupi za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba, zimelainika kwa miaka ya kukaliwa. Baraza haliulizi umenunua nini. Mpita njia anaketi, mzee anapumzika, mwenye habari anazitoa, mwenye shida anaisema. Mwenye nyumba alitoa kipande cha ukuta wake kwa watu asiowajua. Na tazama neno lenyewe lilivyosafiri: leo tunasema Baraza la Mawaziri, Baraza la Chuo, baraza la wanafunzi. Kikao kimechukua jina la mahali watu walipoketi. Hapa tumejenga ofisi ya baraza bila kujenga baraza.

Na waliojenga zamani mjini hapa walijenga kwa kutoa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor (sicho nilichokwenda, nisieleweke vibaya) kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyofungua milango mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa michango ambayo ndani yake mlikuwamo mkono wa Sultani wa Zanzibar na wa Aga Khan. Kikawa politekniki mwaka 1972, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kwamba elimu ya mji huu ilisimama kwa michango ya watu ni jambo la kukumbuka kila tunapoambiwa hakuna bajeti.

Wenzetu ng'ambo nao walifika huko kwa njia yao. Cambridge walikuwa na chama cha midahalo tangu 1815, Oxford tangu 1823, watu wakikutana kubishana. Nyumba ilikuja baadaye. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kilifungua Houston Hall, jengo linalohesabiwa kuwa la kwanza Marekani kujengwa kwa ajili ya maisha ya mwanafunzi nje ya darasa. Lililonigusa ni kwamba lilitolewa na wazazi kwa kumbukumbu ya mtoto wao aliyesoma pale. Mombasa tungeliita jambo hilo sadaka inayoendelea. Tunachimba visima kwa nia hiyo, tunajenga misikiti na madrasa, tunaacha wakfu. Sijawahi kumsikia mtu akimjengea marehemu wake baraza la saruji na bomba la maji chuoni, likakaliwa na watoto wa watu miaka hamsini. Tajiri anayesoma hapa alifikirie hilo.

Kuna sababu nyingine ya watoto kukosa pa kukaa, nayo ni woga. Serikali za nchi hii kwa muda mrefu hazikupenda wanafunzi wakusanyike. Tito Adungosi, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, na hakutoka gerezani akiwa hai. Mwaka 1987 SONU ikapigwa marufuku, na mwenyekiti wake, Wafula Buke, naye akafungwa. Chuo kilichokulia katika hali hiyo kitajifunza kujenga kumbi zenye kufuli na viwanja visivyo na kivuli. Sidai kwamba msanifu wa jengo nililolitembelea alikuwa na nia hiyo. Nasema mazoea ya woga hudumu hata aliyeyaanzisha akishaondoka.

Nilipouliza kama viongozi wa wanafunzi wameliona suala la viti, yule kijana alitupeleka juu. Ofisi ilikuwa na mlango wa chuma, kufuli nje. Ubao wa matangazo kando yake umejaa karatasi juu ya karatasi, nyuso za wagombea wa miaka mitatu zimepandiana, pini moja imeshika mapaji ya watu wawili. Nikatafuta tangazo moja la karibuni linalosema mkutano ni lini. Halikuwapo.

Marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2016 yaliwaondolea wanafunzi kura ya moja kwa moja: wao wakawa wa kuchagua wajumbe, na wajumbe ndio wakachagua viongozi. Walisema itapunguza fujo na fedha kwenye kampeni. Huenda. Lakini kiongozi ambaye kura yake iko mikononi mwa wajumbe wachache ana haja gani ya kushuka ngazi na kuwauliza wale wasichana wanne wanataka nini? Na hata akitaka kuwauliza, atawakuta wapi wamekaa pamoja? Nyumba na siasa, moja inaharibu nyingine.

Kuna neno moja ambalo wazazi wa Mombasa watalielewa bila kufafanuliwa: maskani. Kijana asiyekuwa na pa kukaa hapotei hewani, atatafuta maskani, na si kila maskani ni ya kheri. Tunajua vijana wangapi wa mitaa yetu tumewazika au tunawauguza kwa yale waliyoyapata kwenye kona za kupotezea wakati. Saa sita katikati ya masomo mawili, kwa mtoto wa miaka kumi na tisa, na jua la kaskazi la Februari linachoma, ni muda mwingi. Kwa msichana hali ni ngumu zaidi. Mvulana atasimama kwenye meza ya keram, atajibanza ukutani, hakuna atakayemuuliza. Msichana akisimama peke yake nje ya lango, kila apitaye ana la kumwambia. Na mwezi wa Ramadhani, kanteni ikifungwa mchana na viti vikapandishwa juu ya meza, aliyefunga ndiye anayehitaji zaidi pa kuketi.

Ninachotaka si kikubwa. Sitaki bwawa la kuogelea wala sinema. Ile sehemu ya mbele ya jengo, ambapo sasa wanaegesha pikipiki, ina kivuli cha ghorofa kuanzia saa tano mpaka jioni. Pajengwe mabaraza ya saruji ukutani, yenye upana wa kutosha mtu kuweka mkoba. Pawekwe soketi zisizo za kulipia na bomba la maji ya kunywa. Vyoo vya wasichana vipate makomeo. Nilipoingia nilimshikia mlango binti nisiyemjua, naye akanishikia mimi. Na ile karatasi ya kanteni ibanduliwe, mwenye kanteni apunguziwe kodi kidogo kwa ajili ya viti vichache vya kila mtu. Fundi mmoja na vibarua wawili wanaweza kuimaliza kazi ya mabaraza kwa wiki moja. Nimekulia katika nyumba ya fundi, najua ninachosema.

Kabla hatujaondoka, kijana alituonyesha nyuma ya jengo. Kumbe baraza moja lipo. Walilijenga wanafunzi wenyewe, kundi lililokwisha kuhitimu, wakachangishana saruji na kuandika mwaka wao kwa kijiti kabla haijakauka. Lilijengwa chini ya mwarobaini. Mwarobaini umekatwa kwa sababu majani yalikuwa yakiziba mfereji, limebaki shina la urefu wa goti. Niliweka kiganja juu ya saruji na nikakiondoa haraka. Ilikuwa saa nane mchana, hapakaliki.

Binti ya kaka yangu akalizunguka baraza lile polepole. Akatazama jua, akatazama ukuta, akahesabu kitu kwa vidole. "Kivuli kitafika hapa saa tisa na nusu," akasema. "Nitapata nusu saa."

Tukarudi kivukoni. Ndani ya feri hakuzungumza sana, alikuwa amesimama karibu na ukingo, ratiba yake ameishika mkononi, upepo ukiipiga. Nyumbani nilimwandikia barua mkuu wa masuala ya wanafunzi wa chuo hicho, nikaeleza yote haya kwa heshima na kwa urefu, na nikasema niko tayari kuchangia mifuko ya kwanza ya saruji. Bado sijajibiwa.

Jumatatu alfajiri nilimsikia akijiandaa. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, nikaenda kwenye sanduku langu nikatoa leso, pande moja la ile ninayoipenda, nikamkunjia ndogo ikaenea mkobani chini ya daftari. Atatandika ngazini.