Laini Mbili, Kebo Moja

"Mpendwa mteja, kuna hitilafu kwenye kebo ya baharini. Tunaomba radhi." Ndivyo kampuni ya intaneti ilivyotuandikia. Haya, radhi tumetoa. Kontena la mteja je? Jamaa yangu ana ofisi ya kutoa mizigo pale Mwembe Tayari, na mfumo wa forodha usipofunguka, siku za bure bandarini zinakwisha na storeji, ada ya kulaza kontena, inaanza kuhesabiwa. Hiyo hailipwi kwa "mpendwa mteja".

Kebo kukatika si ajabu. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari hii yetu ya Mombasa ilitia nanga pasipotakiwa, ikaikata kebo ya TEAMS. Februari 2024 zikakatika kadhaa Bahari ya Shamu, na Mei mwaka huo huo kebo za EASSy na SEACOM zikaenda kwa mpigo upande wa Afrika Kusini. Bahari ni bahari.

Kilichonichemsha ni kwamba jamaa yangu analipia laini mbili za intaneti, za kampuni mbili, ili moja ikifa nyingine ishike. Zikafa zote. Kumbana fundi, akatema: kampuni ya pili hukodi nafasi kwenye kebo ile ile ya kampuni ya kwanza. Yaani umefunga ngalawa mbili kwa kamba moja, na kila mwezi unatozwa kamba mbili!

Ukilalamika utaambiwa intaneti hujitafutia njia yenyewe. Hujitafutia, naam. BGP, itifaki ambayo mitandao hutumia kuambiana nani anafikika kupitia wapi, ikiona njia imeondolewa huchagua nyingine. Lakini itachagua nini kama mtoa huduma wako hakununua nyingine? Tena BGP yenyewe haipimi msongamano. Nusu ya Afrika Mashariki ikihamia kebo iliyosalia, itazidi kumimina humo humo, ndipo unapoona WhatsApp inapeleka salamu lakini fomu ya forodha inazunguka mpaka adhuhuri.

Na hii ya ofisini ndiyo kero zaidi. Rauta nyingi, visanduku vinavyogawa intaneti ofisini, hukagua tu kama waya wa kufika kwa mtoa huduma uko hai. Uko hai! Taa ya kijani kibichi, maridadi kabisa. Kilichokufa kiko mbele huko, maili mia kadhaa baharini, kwa hiyo rauta haioni sababu ya kuhamia laini ya pili. Iwekewe kupima kitu cha mbali, seva mbili tatu za nje, zisipojibu ihame. Ni kazi ya dakika chache, ila nani akufanyie bila kuitwa mara tatu?

Tena data ya Mombasa kwenda Mombasa ibadilishwe hapa hapa, isizunguke baharini ndipo irudi. Vituo vya kampuni kubadilishana data tunavyo, watoa huduma wajiunge.

Sawa, nafasi kwenye kebo ni ghali, na kampuni ndogo haiwezi kununua kila upande. Nakubali, shingo upande. Basi mtoa huduma aseme! Aandike kwenye mkataba: data yako inapita kebo fulani, ikikatika inahamia fulani. Kebo zinatua Nyali, tunazikanyagia mchanga Jumapili, halafu majina yake tunafichwa kama siri ya ndoa.

Mkataba wa jamaa yangu unaisha karibuni. Nimemwambia asitie sahihi mpaka waje fundi na meneja, wachomoe laini ya kwanza mbele yake, mchana wa kazi, tuone ya pili inapitia wapi.