Mchele sio wali, hata kwa Kijapani

Jamani hili limeniuma. Mdogo wangu yuko Fukuoka, Japani, kimasomo, ana mwezi wa pili tu, juzi kaingia supamaketi kutafuta mchele apike, akaandika kwenye simu "naomba mchele", programu ya kutafsiri ikamtolea gohan, na mhudumu kwa heshima zote akampeleka kwenye vipakiti vya wali ulioiva, vile vya kupasha kwenye maikrowevu. Usiku ananipigia, kaka, hivi huku mchele hawauzi? Wanauza! Mifuko ya kilo 5 imejaa tele ila inaitwa kome.

Mi najua kilichotokea. Programu nyingi hizi zikipewa Kiswahili zinapita kwanza kwenye Kiingereza, mchele ukageuka "rice", kutoka hapo kwenda Kijapani ni kubahatisha tu. Kwa Mwingereza kilichoko shambani, kilichoko kwenye gunia na kilichoko kwenye sahani vyote ni rice. Mjapani hakubali, shambani ni ine, ukishakobolewa ni kome, ukiiva ni gohan. Sasa sema mwenyewe: mpunga, mchele, wali. Si ndo sisi kabisa! Mama amelima mpunga Kyela miaka yote, ukimwambia umekula mchele anakuuliza umetafuna mbichi? Yeye na bibi wa Niigata huko Japani mwenye majaruba yake wangeelewana bila shida, wakikosana ni kwa sababu katikati kuna lugha yenye neno moja.

Na sio wali tu, hata kaka na mdogo Wajapani wanatenganisha, ani na otouto, Kiingereza kinakusanya wote brother.

Haya, nakubali hatulingani kila mahali. Mpunga wetu ni mmea na ni punje yenye maganda pia, wao hiyo punje ni momi. Na gohan ni mlo kwa ujumla, asagohan ni chakula cha asubuhi hata kama umekula mkate. Lakini hayo unayajua ukikutanisha lugha mbili uso kwa uso! Chuo Kikuu cha Osaka wanafundisha Kiswahili, watu wanaojua zote mbili wapo, kwa nini simu zetu ziendelee kupitia London kwenda Japani?

Dogo nimemwandikia maneno yote matatu kwa mkono, nikapiga picha nikamtumia. Jana kanirushia picha ya sufuria, wali umekauka vizuri, na ukoko chini.