Hatukujengewa Barabara

Jumamosi tulisimama juu ya mteremko wa Mai Mahiu, pale watu wanapotazama Bonde la Ufa huku wakitafuna mahindi ya kuchoma. Kijana mmoja alikuwa akiwaeleza wageni: "Hii barabara tulijengewa na Waitaliano." Neno hilo, tulijengewa, limenikaa kifuani tangu siku hiyo.

Walioijenga walikuwa mateka wa vita. Majeshi ya Italia ya Mussolini yalisalimu amri huko Ethiopia, Amba Alagi Mei 1941, na Gondar Novemba mwaka huohuo, na vijana wetu wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, walikuwa miongoni mwa waliowashinda. Maelfu ya Waitaliano wakaletwa Kenya, wakatiwa kambini. Mwingereza alitaka barabara, mateka wakapewa sururu.

Haya, Mkataba wa Geneva wa 1929 uliruhusu mateka wafanyishwe kazi, ilimradi isihusiane moja kwa moja na mapigano, na walipwe. Maofisa hawakulazimishwa. Lile kanisa dogo la kando ya barabara walilijenga wenyewe 1942, wakasali humo. Yote nayakubali. Lakini Italia ilisalimu amri Septemba 1943, na Oktoba ikaitangazia Ujerumani vita. Mbona basi wengi wao walikuwa bado Kenya hadi 1946? Meli zilikuwa haba, sawa. Mikono yao pia ilikuwa bado inatakiwa. Mtu aliyezuiliwa miaka mitatu baada ya nchi yake kuweka silaha chini hakuja kumjengea mtu barabara.

Na babu yangu je? Mwaka 1942 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wachukuliwe kwa nguvu wakafanye kazi kwenye mashamba ya masetla. Askari wa chifu walimkuta babu nyumbani alfajiri, wakampeleka kwenye mkonge. Hakuwa amepigana na Mfalme wa Uingereza. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa KAR, akimpigania Mfalme huyohuyo kule Ethiopia! Mateka aliyekamatwa na kaka wa babu alikuwa na mkataba wa kumlinda. Babu alikuwa na kipande shingoni, kile kitambulisho cha kazi walicholazimishwa Waafrika.

Nilimwita yule kijana kando nikamsimulia. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mzee, hilo shamba liko wapi, niwe nawaonyesha na hilo?" Nikamwambia liligawanywa zamani, mkonge uking'olewa wote. Hapakubaki hata jiwe lenye jina.